Nani Anaulipia Mfuko wa Plastiki?

Mfuko wa bure haujawahi kuwepo. Muuzaji aliyekufungia bidhaa kwenye mfuko wa plastiki bila kukudai chochote alikuwa ameshaiingiza gharama yake kwenye bei ya vitu vyote dukani, hata vile vilivyonunuliwa na mtu aliyekuja na kikapu chake. Ukautupa, ukapeperushwa, ukaingia mtaroni, kuna mtu atalipwa kuuzibua mtaro huo, na malipo yake yanatoka kwenye kodi. Asipopatikana wa kuuzibua, atalipa mwenye nyumba ya bondeni siku maji yatakapoingia chumbani kwake.

Naanza na hilo kwa sababu mjadala wa sheria za mifuko umezoea kuanzia katikati. Serikali ikitangaza tozo au katazo, watu wanaanza kuhesabu: viwanda vitafungwa, wanunuzi wataumia, wafanyabiashara watapigwa faini. Wanahesabu kana kwamba kabla ya tangazo mfuko haukuwa na gharama yoyote. Ulikuwa nayo, ila ilikuwa imetawanyika kiasi kwamba hakuna aliyeiona kwenye risiti. Sheria huihamisha. Mimi naziunga mkono sheria hizi, tena kwa moyo wote, na ndiyo maana nakasirika kila ninapoona moja imeandikwa bila mtu kukaa chini kuuliza gharama inahamia kwa nani, na huko inakokwenda kama inapungua au inaongezeka.

Tuutendee haki mfuko wenyewe kwanza. Poliethilini, plastiki inayotengenezewa mfuko huu, iligunduliwa kwa bahati mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya kemikali ya ICI huko Northwich, Uingereza. Miaka ya 1960 mhandisi wa Uswidi, Sten Gustaf Thulin, aliyefanya kazi na kampuni ya Celloplast, akabuni namna ya kukunja, kubana kwa joto na kukata bomba bapa la plastiki ili litoke mfuko wa kipande kimoja wenye mikono yake. Hataza ya Marekani, yaani hati ya kulinda ubunifu huo, ilitolewa mwaka 1965. Ni kazi ya akili kweli. Mfuko wa gramu 8 hivi unabeba kilo kadhaa, haulowi, na malighafi inayotumika kuutengeneza ni kidogo mno.

Wepesi huohuo ndio balaa lake. Inahitajika mifuko 125 ya gramu 8 kupata kilo moja ya plastiki, na hapo iwe mikavu na safi. Anayeishi kwa kuokota taka na kuziuza kwa kilo atazipitia chupa zote za barabara nzima kabla hajainama kuchukua mfuko mmoja uliojaa matope. Hesabu yake ya siku haimruhusu. Kwa hiyo mfuko unabaki pale ulipoanguka, na upepo ukija unauchukua. Soko limeokoa chuma, limeokoa karatasi, limeokoa hata chupa, lakini mfuko mwembamba limeshindwa kuuokoa kwa sababu hauna thamani ya kumlipa mtu kuinama. Kwangu hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya serikali kuingilia.

Wakazi wa Dhaka walilijua hili mapema. Katika mafuriko makubwa ya Bangladesh ya mwaka 1988 na 1998, mifuko iliyoziba mitaro ilitajwa miongoni mwa sababu zilizofanya maji yasipate pa kutokea. Mwaka 2002 nchi hiyo ikawa ya kwanza duniani kupiga marufuku mifuko myembamba. Ungetegemea hadithi iishie kwa ushindi, maana Bangladesh ni ya pili duniani kwa kilimo cha juti, mmea wa nyuzi za kutengenezea magunia, baada ya India, na mfuko wa juti unafahamika huko tangu enzi za mababu. Haikuwa hivyo. Mbadala ulikuwa ghali kwa mnunuzi wa kawaida, ukaguzi ukalegea, mifuko ikarudi, na mwaka 2024 serikali ikalazimika kutangaza upya utekelezaji wa katazo lilelile. Miaka 22 baadaye!

Mwaka huohuo wa 2002, Ireland ilishika njia nyingine. Kuanzia mwezi Machi kila mfuko wa plastiki ulitozwa senti 15 za euro, zikilipwa na mnunuzi mwenyewe, zikionekana kwenye risiti yake, na fedha zikaenda kwenye mfuko maalumu wa mazingira. Kabla ya hapo ilikadiriwa kwamba kila mtu alitumia mifuko 328 kwa mwaka. Ikashuka hadi 21. Hakuna aliyepekuliwa, hakuna aliyefungwa jela. Matumizi yalipoanza kupanda taratibu, serikali ikaongeza tozo hadi senti 22 mwaka 2007. Napenda kisa hiki kwa sababu ya hatua hiyo ya pili, iliyotazamwa na wachache. Walioandika sheria waliendelea kuhesabu hata baada ya makofi kuisha. Afrika Kusini nayo iliweka unene wa lazima na bei ya mfuko mwaka 2003, na matumizi yakaporomoka ghafla. Kisha wauzaji wakaishusha bei ya mfuko, na matumizi yakapanda tena.

Kwa nini senti chache ziwe na nguvu hivyo? Mchumi Tatiana Homonoff aliangalia maduka ya eneo la Washington nchini Marekani, ambako tozo ya senti 5 kwa mfuko ilianza mwaka 2010. Baadhi ya maduka yalikuwa tayari yakimpunguzia senti 5 mteja anayekuja na mfuko wake. Punguzo hilo halikubadilisha karibu chochote. Tozo ya kiasi kilekile ikawafanya watu wengi sana waache kuchukua mifuko. Mtu hahangaiki kuchukua senti tano anazopewa, ila anaumia kutoa senti tano zilizo mfukoni mwake. Kwa mtunga sheria hii ni habari njema kupita kiasi, kwa sababu maana yake tozo haihitaji kuwa kubwa. Inatosha ionekane.

Sasa nije kwenye gharama zinazohama, maana hapa ndipo sheria nyingi huruka majivu na kukanyaga moto.

Ukimnyima mtu mfuko mwembamba hujamwondolea haja ya kubeba vitu. Atabeba kwa kitu kingine, na kitu hicho nacho kimetengenezwa mahali, kwa maji, kwa mafuta, kwa umeme. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa utafiti uliolinganisha mifuko kwa athari yake katika kuongeza joto la dunia. Kipimo kilikuwa mfuko mwembamba uliotumika mara moja tu. Wa karatasi ulihitaji kutumika mara 3 ili ulingane nao, wa plastiki nene mara 4, ule wa polipropilini, aina nyingine ya plastiki, unaofanana na kitambaa mara 11, na wa pamba mara 131. Mara 131, kwa mtu anayefanya manunuzi kila wiki, ni miaka miwili na nusu ya kwenda na mfuko uleule bila kuusahau hata siku moja. Wadenmark walitoa wao mwaka 2018, wakasema mfuko wa pamba iliyolimwa bila kemikali unahitaji matumizi 20,000 ukizingatia aina zote za athari. Kwa matumizi ya kila siku hiyo ni zaidi ya miaka hamsini.

Takwimu hiyo ya 20,000 imezungushwa mno mitandaoni na wapinzani wa sheria hizi, na wanaoirusha huwa hawasemi imetoka wapi. Imetokana na kipimo kimoja, athari kwa tabaka la ozoni. Ukiangalia joto la dunia peke yake, utafiti huohuo unasema mara 149. La pili ni zito zaidi: tafiti zote mbili hazikuhesabu madhara ya mfuko uliozagaa. Mtaro ulioziba haumo. Kasa aliyemeza mfuko akidhani ni kiwavi wa baharini hayumo. Kwa hiyo tafiti hizi zinajibu swali la kutengeneza na kutupa mahali panapostahili, na sheria nyingi zilitungwa kwa sababu ya kutupa pasipostahili. Anayezitumia kusema mfuko mwembamba ni rafiki wa mazingira anajibu swali ambalo mkazi wa bondeni hakuuliza.

Hata hivyo siwezi kuzipuuza, kwa sababu nina kabati chini ya sinki, na bila shaka nawe unalo. Mifuko mbadala imejaa humo hadi mlango haufungi. Ule wa polipropilini, wenye vishimo vidogo vilivyobanwa kwa joto mfano wa kitambaa, unauzwa kama mfuko wa kudumu. Niliuacha mmoja dirishani unapopigwa na jua. Mshono wa mkono ulikuwa wa kwanza kuachia. Baadaye kitambaa chenyewe kikaanza kupukutika, na ukikipitishia vidole unabaki na unga wa nyuzi za plastiki mkononi. Mfuko mwembamba nao huharibiwa na jua, ila kabla ya hapo angalau ni kipande kimoja unachoweza kukiokota. Huu unageuka vumbi, na vumbi hilo haliokotwi na mtu. Sheria iliyoukubali iliandika jina la mfuko, ikasahau kuandika unapaswa kuishi siku ngapi.

California walilipia somo hili kwa tani. Sheria yao ilisainiwa mwaka 2014 na kuthibitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 2016. Ilipiga marufuku mfuko mwembamba, ikaruhusu ule mnene kuuzwa kwa senti 10 kwa hoja kwamba unaweza kutumika tena. Unaweza, ndiyo. Watu wengi hawakuutumia tena. Walinunua, wakatupa, wakanunua mwingine, na kila mmoja ulikuwa na plastiki ya mifuko kadhaa ya zamani. Janga la korona, lililofanya maduka yaogope mifuko inayotoka nyumbani, likaongeza chumvi kwenye kidonda. Taka za mifuko ya dukani zilizokuwa takriban tani 157,000 mwaka 2014 zilifika takriban tani 231,000 katika upimaji uliofanyika miaka saba hivi baadaye. Mifuko ilipungua kwa idadi huku plastiki ikiongezeka kwa uzito. England nayo ilianza tozo mwezi Oktoba 2015, na mauzo ya mifuko ya matumizi ya mara moja katika maduka makubwa yakashuka kwa zaidi ya asilimia 95, lakini ile minene iliyopewa jina la mifuko ya maisha ikauzwa kwa mamia ya mamilioni.

Kuna mtoro mwingine asiyeonekana haraka: mfuko wa taka. Watu wengi hawakuwa wakiutupa mfuko wa dukani mara moja. Waliuvalisha ndoo ya taka, wakaufunga, wakautoa. Mchumi Rebecca Taylor alifuatilia mauzo katika miji ya California iliyoweka makatazo yake kabla ya jimbo zima, akakuta katazo limeondoa plastiki ya mifuko ya dukani yenye uzito wa pauni milioni 40 kwa mwaka, na wakati huohuo mifuko ya taka iliyouzwa ikaongezeka kwa uzito wa pauni milioni 12. Mifuko midogo ya taka ilipanda kwa asilimia 120. Bado ni faida, sehemu saba kati ya kumi ya plastiki iliyolengwa haikurudi. Lakini zile sehemu tatu zilirudi, na safari hii zililipiwa kwa fedha ya mnunuzi. Mwenye kipato kizuri hakugundua. Aliyezoea kutumia mfuko wa dukani kufungia taka, kubebea nguo mbichi na kufunikia paa linalovuja alipoteza kitu ambacho kwake hakikuwa taka hata kidogo.

Gharama ya viwanda naitaja kwa ufupi, si kwa sababu ajira ni jambo dogo. Ni kwa sababu inaeleweka. China ilipotangaza katazo lililoanza 1 Juni 2008, kiwanda kimoja mkoani Henan chenye wafanyakazi wapatao 20,000 kilifungwa hata kabla ya tarehe kufika. Chama cha Wenye Viwanda Kenya kilisema mwaka 2017 kwamba ajira 60,000 zilikuwa hatarini. Takwimu za wenye viwanda huwa na maslahi ndani yake, ila mashine ya kupulizia plastiki haishoni kikapu, na aliyeiendesha hawi mshonaji kwa tangazo la gazeti la serikali. Muda wa mpito wa miezi michache unamtosha mwenye hisa aliyeweka mitaji yake kwingine. Haumtoshi mwendesha mashine.

Kinachoniuma zaidi ni namna adhabu zinavyoshuka. Sheria ya Kenya iliyoanza 28 Agosti 2017 iliweka faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili, na wakati huo dunia nzima iliitaja kuwa kali kuliko zote. Rwanda, iliyotangulia mwaka 2008, ilikuwa ikikagua mizigo ya wasafiri uwanja wa ndege. Kanuni za Tanzania za mwaka 2019 angalau zilipanga ngazi: mtengenezaji alipewa faini inayoweza kufika shilingi bilioni moja, na mtu aliyekutwa akitumia mfuko faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000. Nasema angalau, kwa sababu mtu mwenye kiwanda na mtu mwenye meza ya kuuzia barabarani hawakufanya kosa moja.

Ila hata ngazi hizo hazitatui hili. Chukua sabuni ya unga. Kiwanda kinaipakia kwenye pakiti ndogo ya plastiki iliyobanwa pande zote, na makatazo mengi yanairuhusu kwa sababu ni kifungashio cha bidhaa kilichofungwa kiwandani. Mchuuzi anayenunua gunia la sabuni hiyohiyo na kuigawa kwa vipimo vidogo, kwa mteja mwenye fedha ya kipimo kimoja tu, anaifunga kwenye kipande cha plastiki palepale mbele ya mteja. Huyo ndiye mhalifu. Plastiki ya kiwanda huenda ni nzito zaidi, ina rangi na matabaka yanayoifanya isirejelezwe kirahisi, na mtaroni inaziba vilevile. Tofauti yao ni nani alikuwa na wakili chumbani wakati kanuni zinaandikwa. Mteja naye anasukumwa kutoka kwenye kipimo cha mchuuzi kwenda kwenye pakiti ya kiwanda, ambayo kwa gramu ni ghali zaidi. Gharama ya sheria imepita juu ya walio wengi ikatua kwa anayenunua kidogokidogo.

Katazo kali pia huzaa magendo, na magendo huzaa rushwa. Mfuko uliokuwa hauna thamani unakuwa nayo ghafla kwa sababu umekatazwa, unavuka mpaka kutoka nchi ambako bado ni halali, na mgambo anayemkuta mchuuzi nao ana uwezo wa kumfilisi papo hapo. Faini ikizidi mtaji wa anayetozwa, haitalipwa serikalini. Italipwa pembeni.

Je, yote haya yanaleta matunda? Yanaleta, na nashukuru kwamba sasa kuna ushahidi mzito kuliko picha za kabla na baada. Mwaka 2025 watafiti Anna Papp na Kimberly Oremus walichapisha uchambuzi wa maelfu ya shughuli za usafi wa fukwe na kingo za maji nchini Marekani. Penye sheria za mifuko, mifuko ilipungua katika taka zilizookotwa kwa asilimia 25 hadi 47, ikilinganishwa na pasipo na sheria. Tozo zilionekana kufanya kazi vizuri kuliko makatazo, na makatazo nusunusu, yale yanayoacha mlango kwa mfuko mnene, yalikuwa dhaifu kuliko mengine yote. Walisema pia jambo linalopaswa kututuliza wote tunaopenda kushangilia: sehemu ya mifuko katika taka za fukweni imeendelea kukua kila mahali, ila penye sheria inakua polepole zaidi.

Nikipewa kalamu, ningeweka tozo inayoonekana kwenye risiti kwa kila mfuko mpya, uwe wa plastiki nyembamba, nene, karatasi au wa kufanana na kitambaa, kwa sababu lengo ni mtu arudi na mfuko alionao, si abadilishe aina ya mfuko anaoutupa. Katazo ningelibakizia mfuko mwembamba pale ambapo uzoaji taka haupo, maana huko tozo haimzuii upepo. Ningeanza na maduka makubwa na viwanda, na wadogo wapewe muda mrefu zaidi. England iliwaacha nje wafanyabiashara wenye wafanyakazi chini ya 250 hadi Mei 2021, na tozo haikuanguka kwa sababu hiyo. Jela ningeiondoa kabisa kwa mchuuzi na mnunuzi. Fedha za tozo zingezibua mitaro ya mabondeni kwanza, na sehemu nyingine ingemlipa mwokota taka kwa kila kilo ya mifuko atakayoleta, ili hatimaye kuwe na sababu ya kuinama.

Na ndani ya sheria hiyohiyo ningeandika kifungu cha kupima taka kwa uzito kila mwaka na kutangaza matokeo hadharani, kwa aina ya mfuko. California iliweza kuliziba tundu lake kwa sababu ilikuwa ikipima. Tani zilipoonekana, hoja ya mfuko mnene ikakosa watetezi, sheria mpya ikasainiwa mwezi Septemba 2024, na kuanzia 1 Januari 2026 mifuko minene ya plastiki haipaswi tena kutolewa kwenye kaunta za maduka yanayohusika. Iliwachukua miaka kumi. Nchi zinazoandika kanuni zao sasa hazina sababu ya kusubiri muda huo.